Mistari Miwili ya Arlindo Livramento

Barua zilianza kufika Jumatatu moja mapema mwaka 2023. Wendell Gaskins alikuja na yake ndani ya mfuko wa koti, akasubiri sindano zote mbili ziingie mkononi na mashine ya kusafisha damu ianze kuzunguka, ndipo akaisoma kwa sauti ili kila mtu wa zamu ya asubuhi asikie. Hospitali ya Boston ilimjulisha kwamba kanuni ya zamani ya kukadiria nguvu za figo ilikuwa ikiwapandishia watu weusi namba, hivyo figo zao zikaonekana nzima kuliko zilivyokuwa. Huenda aliingizwa kwenye orodha ya kusubiri figo akiwa amechelewa. Wamepitia vipimo vyake vya nyuma, na miaka miwili na miezi minne inaongezwa kwenye muda wake wa kusubiri.

"Miaka miwili na miezi minne!" Wendell alisema. "Wananirudishia kama koti nililolisahau kwa fundi."

"Walikuwa wanapandisha kwa nini?" aliuliza bibi wa kiti cha dirishani.

"Eti sisi weusi tuna misuli mingi, damu yetu inasomeka vingine. Hebu nitazame mimi. Misuli iko wapi?"

"Iko kwenye ulimi," alisema Arlindo Livramento kutoka kiti cha tatu.

Bibi wa dirishani alipata barua yake Jumatano. Ilipofika Ijumaa, watu weusi wote wa zamu ile waliokuwa kwenye orodha walikuwa wameshapata barua, isipokuwa Arlindo.

"Na wewe, Lindo?"

"Bado."

"Hiyo ni posta ya kwenu South End. Mbwa wa jirani yako kamla tarishi."

Arlindo alicheka, ila alipofika nyumbani alifungua sanduku la barua mara mbili. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba, mrefu, mweusi wa kung'aa, kidole gumba cha kushoto kimekatika ncha. Alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki katika kituo hiki cha New Bedford tangu Juni 2020. Watu wa kundi lake la damu, katika sehemu hii ya nchi, walikuwa wakisubiri figo miaka sita, wengine saba. Yeye alikuwa hajatimiza mitatu. Mshipa wa mkono uliotengenezwa kwa ajili ya mashine ulikuwa umeziba mara mbili, na daktari alikuwa amemwambia bila kuzungusha maneno kwamba moyo wake hautavumilia mashine kwa miaka minne zaidi. Miwili, labda. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu. Kama muda wake ulikuwa miaka mitatu tu, figo ingekuja kumkuta hayupo.

Tena hapakuwa na mlango mwingine. Binti yake Nélia alijitolea kumpa figo mwaka uliotangulia, akapimwa kila kitu, akakataliwa. Daktari Ranganathan, mwanamke mfupi asiyependa kuketi, aliwaeleza wote wawili akiwa amesimama.

"Kuna kitu cha kurithi ambacho watu wa Afrika Magharibi walikipata zamani sana, kikawakinga na malale. Ukikirithi kwa mzazi mmoja, mara nyingi huna shida. Ukikirithi kwa baba na kwa mama, figo zako ziko hatarini. Si kila mweusi anacho, na si lazima uonekane mweusi ili uwe nacho. Wewe, Mzee Livramento, unazo nakala mbili. Nélia naye anazo mbili."

"Malale ya mbung'o?" Arlindo aliuliza. "Sisi asili yetu Brava, daktari. Kisiwa chote hakina hata nzi wa kuuma."

"Babu zako hawakuanzia Brava."

Hilo alilijua. Visiwa vya Kabo Verde, Brava kikiwa kimojawapo, havikuwa na mtu hata mmoja kabla Wareno hawajafika; kila aliyeko huko alikuja au aliletwa. Ila hakuwa amewahi kufikiri kwamba safari ile ingali inasomeka ndani ya mkojo wake.

Dada yake, Hortência, ambaye mji mzima humwita Tencha, alikuwa amepimwa na daktari huyohuyo kabla ya kupandikizwa figo mwaka 2021. Naye alikutwa na nakala mbili. Alilisimulia mara moja tu, akaliita "mambo ya damu ya kina babu," kisha akauliza nani anataka kahawa.

Tencha na Arlindo ni baba mmoja, mama mmoja. Tencha, aliyemtangulia kwa miaka mitano, alichukua rangi ya mama: ngozi ya maziwa yenye chai kidogo, nywele za kulala. Arlindo alichukua rangi ya bibi mzaa baba, ambaye picha yake ilikaa chumbani, si sebuleni. Katika familia zetu za Kabo Verde hapa New Bedford jambo hilo halimshangazi mtu. Meza moja ya Jumapili ina rangi zote za kahawa, tangu ya unga hadi ya maziwa, na wote wanagombea kipande kimoja cha soseji.

Baba yao, Teófilo Livramento, alitoka Brava akiwa kijana, akatumia maisha yake kwenye mabwawa ya kranberi kule Wareham, akikomba matunda yale mekundu akiwa amepiga magoti. Alikuwa na sheria moja kwa watoto. "Mkiulizwa, semeni Wareno. Pasi yangu ni ya Ureno." Hakuwa anadanganya, pasi ilikuwa ya Ureno kweli, kwa kuwa visiwa vilikuwa vya Ureno. Shuleni, hospitalini, kwenye sensa, Teófilo alitaka fomu iletwe mezani, na kwa kuwa yeye hakujua kuandika vizuri, Tencha ndiye aliyeandika. Alikuwa na mwandiko mzuri. Tangu ana miaka kumi yeye ndiye karani wa ukoo: vyeti vya ubatizo, bima, mazishi. Penye kisanduku cha rangi, kama kulikuwa na "Mreno" aliweka alama hapo, na kama hakikuwapo aliweka kwenye "Mweupe."

Julai 1970 mji uliwaka moto kwa siku kadhaa, weusi wakipambana na polisi, na Arlindo, miaka kumi na minne, akarudi nyumbani na nywele zilizosimama kama msitu.

"Ndiyo nini hiyo?" Teófilo aliuliza.

"Nywele zangu. Mimi ni mweusi, Papai."

"Mweusi ni nani ndani ya nyumba hii?"

"Jitazame kwenye kioo."

Alipigwa kofi, nywele zikakatwa na baba mwenyewe jikoni, na mwezi uliofuata zilikuwa zimeanza kurudi. Tangu hapo kila fomu aliyoijaza Arlindo kwa mkono wake ilisema Mweusi. Hazikuwa nyingi, kwa sababu hakupenda karatasi. Alifanya kazi miaka arobaini na moja katika kiwanda cha minofu ya samaki bandarini, amesimama juu ya kreti ya plastiki kwa kuwa sakafu haikauki, glavu ya chuma mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, redio juu ya friji ikipiga nyimbo za Kikriolu, lugha ya visiwani. Aliweza kumvua samaki mifupa kwa mikato minne na kuendelea kuzungumza. Gumba lile lilikatika siku aliyovua glavu ili ajikune pua. Karatasi alizitupa. Hati za mshahara, risiti, matokeo ya hospitali, zote alizikunja akazitia kwenye debe la vichwa vya samaki.

Simu kwa hospitali aliipiga Jumatatu iliyofuata, akiwa kwenye kiti, mkono mmoja umefungwa kwenye mashine. Kwa hiyo aliweka simu mapajani na kuifungulia sauti, na chumba kizima kikasikia.

Mratibu wa orodha ya kusubiri alikuwa Maureen Quilty, mama wa Kiayalandi mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mzee Livramento, hizi barua zimekwenda kwa wagonjwa weusi tu."

"Ndiyo. Mimi ndiye."

"Hapa umeandikwa Mweupe."

Arlindo aliinama karibu na simu.

"Mama Quilty, wewe umewahi kuniona?"

"Mara nyingi, mzee."

"Sasa?"

"Mimi nafuata kompyuta, sifuati macho yangu."

Wendell alikuwa ameshaanza kujipiga paja. "Jamani! Miaka mitatu nimekaa na Mzungu ubavuni, mimi sina habari!"

"Ndiyo maana kahawa yake anaipenda baridi," alisema bibi wa dirishani.

"Muuguzi, msogezeni dirishani huyo asiungue na jua! La, la, msimsogeze, mpakeni mafuta kwanza!"

Arlindo naye alicheka hadi mashine ikapiga kengele kwa sababu mkono ulitikisika. Jina la Mzungu lilimkaa. Hata wauguzi walilitumia.

Jumapili alikwenda kula kwa Tencha kama kawaida. Tencha alikuwa amepika wali wa maharagwe, wake na wa wageni, na sufuria ndogo pembeni isiyo na maharagwe wala chumvi kwa ajili ya mdogo wake. Arlindo hakungoja apakuliwe.

"Dada, nani alijaza fomu yangu ya orodha ya figo?"

"Mimi. Si ulikuwa unatapika? Ulisema, 'Tencha, jaza unavyojua.'"

"Umeniandika Mzungu."

"Nimeandika tunavyoandika."

"Tunavyoandika nani?"

"Sisi. Baba alisema—"

"Baba kafa mwaka themanini na nane, bado anajaza fomu!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu, Lindo. Na usimtaje hivyo marehemu. Kaa ule, wali unapoa."

"Hivi mwanamke huyo wa simu akiniita nikaingia mlangoni, utamwambia nini? Nilianguka kwenye masizi?"

Nélia, aliyekuwa akikata mkate, alitoka nje ili asiangue kicheko mbele ya shangazi yake. Tencha mwenyewe hakucheka. Alisema fomu inaweza kubadilishwa, si mwisho wa dunia. Na kweli, Mama Quilty aliibadilisha Jumatatu kwa chini ya dakika moja.

Lililobaki halikuwa jepesi. Ili muda urudishwe, hospitali ilihitaji kipimo cha damu cha kabla ya mashine kinachoonyesha kwamba, bila nyongeza ile ya rangi, nguvu za figo zilikuwa zimeshashuka hadi ishirini au chini ya hapo. Ishirini ndiyo namba ya kuingilia kwenye orodha. Mama Quilty alisema tarehe ya kipimo hicho ndiyo itakayokuwa tarehe mpya ya Arlindo.

Kipimo hicho kilikuwapo. Aprili 2017, Jumanne kabla ya Pasaka, Tencha alimbeba Arlindo kwenye gari lake hadi zahanati ndogo ya mtaani. Tencha alikuwa na shinikizo la damu tangu ana miaka arobaini, na figo zake zilikuwa zinapungua. Aliambiwa ndugu zake nao wapimwe. Walitolewa damu kwa kufuatana, yeye kwanza, Arlindo baadaye. Wiki moja baadaye walirudi pamoja kuchukua majibu, wakaingia kwa daktari mmoja mmoja. Tencha alitoka na habari kwamba anapelekwa kwenye orodha. Arlindo alitoka anatabasamu.

"Ishirini na moja! Wewe je?"

"Kumi na nane."

"Pole, dada. Zangu ngumu, zimezoea kazi."

Siku ile alinunua bia za kila mtu kwenye klabu. Daktari alikuwa amemwambia arudi baada ya miezi sita, lakini Arlindo alichukua ishirini na moja kama mtu aliyefaulu mtihani, na mtu akishafaulu harudii darasa. Hakurudi. Machi 2020 alianguka kiwandani kisu mkononi, miguu imevimba, na kufikia Juni alikuwa kwenye mashine.

Sasa zahanati ilikuwa imefungwa. Daktari wake alikuwa amestaafu na kuhamia Florida, na mafaili yalipelekwa kwenye ghala la jimbo jingine. Nélia alipiga simu siku tisa. Ghala lilijibu kwa barua pepe kwamba kumbukumbu za kabla ya 2018 hazipatikani. Arlindo alipekua nyumba yake, kazi iliyochukua dakika kumi, kwa kuwa hakuwa na karatasi.

"Dada," alimwuliza Tencha kwa simu, "ile karatasi yangu ya mwaka ule, si niliiacha kwako? Nilikula kwako siku ile."

"Sikumbuki, Lindo."

"Hebu tafuta. Wewe hutupi hata bahasha."

"Nitaangalia."

Mwisho wa Aprili mshipa uliziba mara ya tatu, wakamwekea mpira shingoni wa kuunganishia mashine. Wendell aliacha utani kwa wiki nzima, jambo lililomtisha Arlindo kuliko mpira wenyewe. Mama Quilty alisema amejitahidi, lakini bila kipimo tarehe inabaki Juni 2020. Aliwapangia miadi katikati ya Mei ili Daktari Ranganathan azungumze na mgonjwa kuhusu "mipango," na Nélia alipouliza mipango gani, alijibiwa kwamba ni vizuri familia iwepo.

Tencha alikuwa anajua karatasi ilipo. Ilikuwa chumbani kwake, kwenye bahasha ya kahawia pamoja na vyeti vya ubatizo, imebanwa na ya kwake kwa pini moja. Alikuwa ameiweka mwenyewe siku ileile ya Aprili 2017, baada ya Arlindo kuiacha mezani chini ya chupa ya pilipili. Nélia alikuja kuyajua haya baadaye, kutoka kwa shangazi mwenyewe: kwamba bahasha ile aliitoa na kuirudisha mara nne mwezi ule, na mara moja aliishusha hadi kwenye gari, kisha akaenda nayo misani na kurudi nayo.

Siku ya miadi aliwaambia atawapeleka yeye. Njiani alizungumza habari za barabara. Walipoketi ofisini, kabla Mama Quilty hajafungua faili, Tencha alifungua mkoba na kuweka karatasi mbili juu ya meza, pini ikiwa bado mahali pake.

Mama Quilty alizitenganisha. Chini ya kila karatasi palikuwa na mistari miwili, kama maabara zote zilivyokuwa zikichapa wakati ule, ili daktari ajichagulie: kama mgonjwa si mweusi, namba hii, kama ni mweusi, namba hii. Karatasi ya Arlindo ilisema 18, na chini yake 21.

"Ndiyo hii," alisema Mama Quilty. "Mzee Livramento, ndiyo hii hasa! Kumi na nane, Aprili kumi na moja." Kisha akatazama ya pili. Nayo ilisema 18, na chini yake 21. "Na hii?"

"Yangu," alisema Tencha.

"Wewe ulisomewa mstari wa juu."

"Yeye wa chini."

"Na ninyi ni ndugu wa—"

"Baba mmoja, mama mmoja."

Mama Quilty aliangalia kompyuta, akaangalia sura ya mmoja na ya mwingine. "Basi, mama, ukitaka na yako tuirekebishe, kisanduku chako..."

"Mimi sijaja kwa ajili ya fomu yangu," alisema Tencha. "Andika ya kwake."

Arlindo alivuta karatasi zote mbili karibu, akavaa miwani, akasoma kwa kidole kama mtoto. Hakuwa amewahi kuisoma ile yake. Mwaka ule alisomewa. Daktari Ranganathan aliingia, akaelezwa, akazitazama karatasi akiwa amesimama vilevile, akasema tu kwamba kanuni hiyo imeshaachwa, sasa kuna mstari mmoja kwa watu wote. Akatoka kwenda kutoa nakala.

Kwenye ukumbi, karibu na lifti, Nélia alitangulia kwenda kulipia maegesho. Arlindo alibaki amesimama.

"Siku ile uliniona nafurahi."

"Nilikuona."

"Nilinunua bia."

"Nilikuona, Lindo."

"Na karatasi umeichukua mezani, umeitazama, umeona ni namba zilezile."

"Niliona jioni, wakati wa kuziweka. Nikajiambia daktari anajua kuliko mimi."

"Miaka mitatu, hadi nikaanguka, ulijiambia hivyo?"

Tencha alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena. "Ningekwenda kumwuliza kwa nini sisi wawili tunasomewa mistari tofauti, angenitazama, angekutazama wewe. Na angeweza kuniambia, 'Kweli mama, na wewe soma wa chini.' Ningetolewa kwenye orodha. Unanielewa? Ishirini na moja. Ningetolewa na mimi."

Lifti ilifika, ikafunguka, ikajifunga bila mtu.

"Mwezi uliopita ulisema hukumbuki."

"Nilisema."

"Mimi nina mpira shingoni, dada."

Arlindo alishuka kwa ngazi, ghorofa nne, jambo ambalo daktari wa moyo alikuwa amemkataza, akatembea hadi kituo cha mabasi na kurudi New Bedford peke yake. Jumapili hiyo hakwenda kula. Wala zilizofuata. Mwanzoni watu wa parokia walidhani anaumwa, baadaye wakajua, na kwa kuwa mji wetu ni mdogo kila mtu alikuwa na upande wake. Wapo waliosema Tencha ameua. Wapo waliosema kila mtu angefanya vile, ila hawatasema. Mume wa binamu yao alisema kosa ni la Arlindo kwa kutorudi hospitali, na hilo nalo lilikuwa na ukweli wake. Arlindo alipolisikia alisema, "Ndiyo, sikurudi," na kuendelea kula samaki wake.

Barua yake ilifika Juni. Tarehe mpya ya kuanza kusubiri: 11 Aprili 2017. Aliipeleka kituoni, na Wendell akasimama na mashine yake, hadi pale mipira iliporuhusu, akampigia makofi.

"Miaka sita! Mzungu, umetupita wote!"

"Ndiyo faida ya kuwa mweusi," alisema Arlindo.

Agosti aliitwa kama mtu wa akiba. Nélia alimkimbiza Boston, akakaa saa kumi na moja bila kula, figo ikamwendea aliyekuwa mbele yake, akarudi. Septemba hakuitwa. Alipungua kilo nne. Wendell alipata yake wiki ya mwisho ya mwezi huo, akatuma picha ya kidole gumba kilichoinuliwa, na kwenye kiti chake akawekwa mwanamume asiyezungumza.

Simu ilikuja Jumamosi ya Oktoba, saa nne asubuhi, Arlindo akiwa anapangusa vioo. Figo ya mtu wa miaka arobaini na nne, inamfaa, yeye ndiye wa kwanza. Awe hospitalini ndani ya saa tatu. Nélia alikuwa Atlanta kwenye harusi. Arlindo alisimama na kitambaa mkononi, akapiga namba ambayo hakuwa ameipiga tangu Mei.

"Dada."

"Lindo?"

"Gari lina mafuta?"

"Lina."

"Basi njoo. Wameita."

Alifika baada ya dakika saba, viatu havifanani. Walipita Taunton kwa kuwa Arlindo alisisitiza, ingawa Tencha alisema njia ile ina ujenzi, na ujenzi kweli ulikuwapo, wakakaa robo saa nyuma ya lori la lami.

"Nilikwambia."

"Endesha."

"Ungenisikiliza—"

"Tencha. Endesha."

Hawakuzungumza kitu kingine hadi mlangoni. Wauguzi walimvua nguo, wakamchoma, wakamwuliza jina lake mara sita. Tencha alishika miwani na saa yake. Arlindo alipokuwa anasukumwa kwenda ndani, Tencha alimwambia, "Koo litakuuma ukiamka. Usiogope, ni ule mpira wa kupumulia tu." Arlindo aliitikia kwa kichwa.

Upasuaji ulichukua saa nne na nusu. Alipoamka, jua la mwisho la jioni lilikuwa bado liko kwenye dirisha la juu, koo linauma kama alivyoambiwa, na Tencha ameketi na koti lake mapajani. Kando ya kitanda ulining'inia mfuko wa mkojo. Kwa zaidi ya miaka miwili Arlindo alikuwa hajatoa mkojo wa kujaza hata kikombe cha kahawa. Mpira ulioingia kwenye mfuko ule ulikuwa na rangi ya waridi, na ndani yake kitu kilikuwa kinatembea.

Tencha, ambaye aliwahi kulala kwenye kitanda kama kile, aliinama kutazama alama zilizochorwa pembeni.

"Umefika mia—"

"Usinisomee," alisema Arlindo kwa sauti iliyokwaruza. "Nipe miwani."

Akampa. Muuguzi aliinua kitanda kidogo, na Arlindo akageuza shingo polepole hadi akauona mfuko, akaanza kuhesabu mistari kutoka chini.